Kusi, dagaa na kalenda ya Ziwa Tanganyika

Mwaka 2024, kwa mara ya kwanza, uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Uamuzi huo ulitokana na makubaliano ya nchi nne zenye ziwa hili, yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, na lengo lililotangazwa lilikuwa kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana na kukua. Mjadala uliofuata tunaufahamu. Wapo waliosema wavuvi wamelimaliza ziwa kwa tamaa yao, na wapo waliosema wakubwa wamewanyang'anya wanyonge riziki. Hapa Mwandiga, inakoanzia barabara ya Manyovu, bei ya dagaa ndiyo iliyokuwa hoja ya kila mtu, hata ya yule ambaye hajawahi kuingia mtumbwini.

Katika mabishano hayo yote kuna jambo moja lililopitwa. Miezi hiyo mitatu ndiyo miezi ya upepo wa kusini. Ziwa tunalolifunga na kulifungua kwa tangazo lina mwendo wake wa msimu, na mwendo huo ndio unaoamua, kabla ya serikali na kabla ya mvuvi, ni wapi na ni lini chakula cha samaki kitapatikana. Historia ya ziwa hili, kwa sehemu kubwa, ni historia ya watu wenye mamlaka waliouona mwendo huo wakausoma visivyo. Nadhani tuko karibu kuongeza ukurasa mwingine katika historia hiyo.

Tuanze na maji yenyewe. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa maana ya kusi na kaskazi. Majahazi yalishuka kutoka Arabuni kwa upepo mmoja na kurudi kwa mwingine kwa karne nyingi, na mikondo ya bahari ilibadilika pamoja nao. Ziwa Tanganyika hupokea upepo wa ukoo huohuo. Kuanzia Mei hadi mapema Septemba, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu na kwa kufululiza, nao hukuta bonde lililonyooka kutoka kusini kwenda kaskazini kwa kilometa zipatazo 670, lenye milima pande zote mbili, lenye upana wa wastani wa kilometa 50 tu. Upepo ukiingia humo hupita kama maji ndani ya mfereji.

Lakini ziwa hili si kama bahari za pembezoni zenye kina kifupi. Ghuba ya Uajemi, kwa mfano, ina kina cha wastani cha mita 35 hivi. Huko baridi ya majira ya kipupwe na upepo huweza kuyachanganya maji tangu juu mpaka chini, na kilicholala sakafuni hurudi juu. Tanganyika hushuka hadi mita 1,470. Maji ya juu huwa na joto la nyuzi 24 hadi 28, na ya chini kabisa nyuzi 23 na kitu. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini yatosha kuyafanya maji ya juu yawe mepesi, yaelee juu ya yale mazito kama mafuta ya mawese juu ya mchuzi. Matabaka hayo mawili hayachanganyiki mpaka sakafuni. Oksijeni hufika mita zipatazo 100 upande wa kaskazini na karibu mita 200 upande wa kusini. Chini ya hapo hakuna samaki, na maji yana gesi yenye harufu ya mayai viza. Kila kinachokufa juu huzama huko. Kwa hiyo mbolea ya ziwa, ile inayootesha mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao huliwa na wadudu wadogo wa majini, ambao huliwa na dagaa, ambaye huliwa na mgebuka, imefungiwa ghalani. Ufunguo ni upepo.

Kusi likivuma, huyasukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini. Huko hurundikana, na tabaka la joto huwa nene. Kule kusini, karibu na Kasanga yetu na Mpulungu ya Zambia, tabaka hilo hupungua unene, maji baridi ya chini hupanda, na pamoja nayo hupanda virutubisho. Mpaka kati ya maji ya joto na ya baridi, ambao kwa kawaida umelala, huinama: juu kusini, chini kaskazini. Upepo unapotulia mwezi Septemba, ule mpaka ulioinama hauna tena wa kuushikilia. Huanza kubembea kama maji ndani ya beseni lililoinamishwa kisha likaachiwa ghafla, ila bembea hii huchukua takriban wiki nne kwenda na kurudi, na juu ya ziwa haionekani. Ndipo sasa zamu ya kaskazini hufika: maji ya chini hukaribia juu, na mwani huota. Picha hii ni ya ziwa zima. Kila ghuba ina upepo wake na vituko vyake. Hata hivyo, bila picha hii kubwa hatuwezi kuelewa lolote kuhusu dagaa wa Kigoma, kwa sababu Kigoma iko katika theluthi ya kaskazini ya ziwa, upande unaopokea, si upande unaotoa.

Sasa turudi nyuma. Machi 1869 David Livingstone alifika Ujiji akiwa mgonjwa, akakaa hapo hadi Julai alipoondoka kwenda Manyema. Swali lililomsumbua yeye na wanajiografia wa London lilikuwa moja: je, maji ya ziwa hili hutokea wapi? Kama yangetokea kaskazini, basi huenda Tanganyika ni sehemu ya Mto Nile. Akiwa Ujiji aliyachunguza maji ya juu, akaona yakisogea kuelekea kaskazini, akaamini kwamba ziwa lina mlango upande huo. Msomaji atazame tena miezi: Machi hadi Julai. Livingstone alikuwa amekaa ufukweni wakati hasa kusi linapoanza na kushika nguvu. Alichokiona kilikuwa cha kweli. Maji yalikuwa yakienda kaskazini. Lakini hayakuwa yakienda popote nje ya ziwa; yalisukumwa na upepo, na chini yake maji mengine yalirudi kusini kufidia nafasi. Mtu aliyesimama ufukweni huona nusu ya mzunguko, ile ya juu.

Jibu, kwa kweli, lilikwisha kutolewa. Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walipofika Uvira, wana wa mtawala wa huko waliwaambia kwamba mto Ruzizi huingia ziwani, hautoki. Hawa walikuwa watu waliokaa karibu na mto huo maisha yao yote. Hata hivyo maneno yao hayakutosha. Ilibidi Livingstone na Henry Stanley wapige makasia mwezi Novemba 1871 hadi mwisho wa ziwa, waione Ruzizi ikiingia, ndipo shauri likawa kweli. Mwanahistoria hapaswi kumcheka Livingstone. Alipima kwa alivyoweza, na alipoonyeshwa alikubali. Kinachonishughulisha ni mpangilio wa ushahidi: dalili iliyosomwa na mgeni kwa miezi michache ilipewa uzito kuliko maarifa ya wenyeji, kwa sababu dalili hiyo ilimpa kile alichokuwa akikitafuta.

Mlango wenyewe ulikuwa magharibi. Verney Lovett Cameron aliufikia mto Lukuga mwaka 1874, na Stanley alipoupitia mwaka 1876 aliukuta umezibwa na mchanga na matete. Mwaka 1878 kizuizi kilivunjika na maji yakaanza kutoka kwa wingi kwenda Kongo. Edward Hore, baharia aliyeletwa na London Missionary Society na kufika Ujiji mwaka huohuo, aliufuatilia usawa wa ziwa ukishuka. Ndiyo maana mahali panapokumbukwa mkutano wa Livingstone na Stanley pale Ujiji pako mbali na maji leo, na mgeni hushangaa kuelezwa kwamba hapo palikuwa ufukwe. Naitaja habari hii kwa sababu hadi leo watu wengi huchanganya mambo mawili: kupanda na kushuka kwa usawa wa ziwa, ambako kunategemea mvua, uvukizi na Lukuga, na mzunguko wa maji ndani ya ziwa, ambao unategemea upepo na joto. Mafuriko yaliyoizamisha Kibirizi miaka ya 2020 na 2021 ni ya fungu la kwanza. Riziki ya dagaa ni ya fungu la pili.

Wavuvi wenyewe walijenga maarifa yao juu ya giza. Dagaa huvuliwa usiku usio na mwezi, kwa kuwa hufuata mwanga. Zamani mwanga huo ulikuwa moto wa kuni kwenye mtumbwi na wavu wa mkono uitwao lusenga. Kisha zikaja karabai na nyavu za kuinuliwa kati ya vyombo viwili. Leo ni taa za sola. Mbalamwezi inapong'aa, vyombo hupumzika na nyavu hushonwa. Maana yake ni kwamba ziwa lilikuwa na mapumziko ya kila mwezi muda mrefu kabla ya mapumziko ya kila mwaka kutangazwa. Juu ya kalenda ya mwezi kuna kalenda ya upepo: kusi likichafuka, chombo kidogo hakitoki, na anayetoka hatoki kwa ajili ya kuvua tu bali pia kwa kuipima bahati yake. Sidai kwamba mvuvi anajua kila kitu. Maji ya mita 150 chini yake hayaoni. Lakini anajua ni miezi gani dagaa huja na ni miezi gani hupotea, na hesabu hiyo ameiweka kichwani kwa vizazi.

Vipimo vya kitaalamu vilichelewa. Msafara wa Kibelgiji wa mwaka 1946 hadi 1947 ndio uliopima kwa mapana joto na matabaka ya maji ya kina, na André Capart akaeleza mawimbi yale ya ndani yasiyoonekana juu. Miaka ya 1960 George Coulter aliuchunguza upande wa kusini na kuonyesha jinsi kusi linavyoyapandisha maji ya chini. Miaka ya 1990 mradi mkubwa chini ya FAO, uliofadhiliwa na Finland, ulipima upepo, joto na samaki kwa wakati mmoja katika vituo vitatu, Bujumbura, Kigoma na Mpulungu, na hapo bembea ya ziwa ikaonekana kutoka ncha hadi ncha. Ilikuwa kazi ya thamani kubwa. Ilikuwa pia kazi ya mradi, na miradi huisha. Nchi yenye sehemu ya asilimia 41 ya ziwa hili isingepaswa kusubiri fedha za mfadhili ili ijue joto la maji yake mwezi Julai.

Mwaka 2003 ulikuwa mwaka wa mambo mawili. Juni, nchi nne zilitia saini mjini Dar es Salaam mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa, ambao baadaye ulizaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura. Mwaka huohuo majarida mawili makubwa ya sayansi duniani, Nature na Science, yalichapisha tafiti zilizosema jambo linalofanana: ziwa limepata joto, tabaka la juu limekuwa jepesi zaidi, na kwa hiyo upepo unashindwa kulifungua ghala kama zamani. Utafiti wa Catherine O'Reilly na wenzake katika Nature ulikadiria kwamba uzalishaji wa chakula cha msingi ziwani huenda umepungua kwa asilimia 20, na kwamba hilo lingeweza kumaanisha upungufu wa samaki wa asilimia 30 hivi. Wapo watafiti waliojibu kwamba upungufu wa samaki hauwezi kuelezwa bila uvuvi wenyewe, hasa kule kaskazini ambako meli za wavuvi wa Kigiriki zilifanya kazi kutoka Bujumbura tangu miaka ya 1950. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walichimba tope la sakafuni na kulisoma kama daftari. Wakaona kwamba kupungua kwa samaki kulianza pamoja na kupanda kwa joto, katika karne ya 19, kabla ya uvuvi wa kibiashara kuwapo.

Ubishi huu haujafungwa, na mimi si mtaalamu wa samaki wa kuufunga. Lakini kisiasa una uzito mkubwa kuliko unavyopewa. Ikiwa tatizo ni nyavu pekee, mwenye kulipa gharama ni mvuvi, na adhabu yake ni halali. Ikiwa sehemu ya tatizo ni joto ambalo chanzo chake ni viwanda na magari ya nchi za mbali, basi mvuvi wa Katonga anafunga mkanda kwa deni lisilo lake, na serikali zake zinapaswa kulitaja deni hilo zinapokaa kwenye meza za mazungumzo ya tabianchi. Hali zote mbili huweza kuwa kweli kwa pamoja. Ziwa lililodhoofishwa na joto huvumilia nyavu chache zaidi, si nyingi zaidi. Hilo laweza kuwa hoja nzuri ya kulipumzisha. Ila ni hoja tofauti na ile ya kusema wavuvi wameliharibu, na anayefungiwa kazi ana haki ya kuambiwa ni ipi kati ya hizo.

Hapo ndipo kalenda inapokuja. Tangazo moja, tarehe moja, kwa ziwa zima. Faida yake ya kiutawala ni dhahiri: nchi nne haziwezi kulinda maji yasiyo na ukuta ikiwa upande mmoja umefungwa na mwingine uko wazi, na samaki hawana pasipoti. Lakini ziwa halina msimu mmoja. Kati ya Mei na Agosti, Kasanga iko katika wakati wa maji ya chini kupanda na chakula kuongezeka. Kigoma, wakati huohuo, iko chini ya rundo la maji ya joto yaliyosukumwa kutoka kusini. Miezi mitatu ileile kwa hiyo humgusa mvuvi wa Rukwa na mvuvi wa Kigoma kwa namna mbili. Mmoja huenda ameambiwa akae nyumbani wakati wa neema yake. Mwingine wakati ambao pengine ungekuwa mgumu kwake hata bila tangazo. Dagaa naye huishi takriban mwaka mmoja. Kwa kiumbe wa maisha mafupi hivyo, swali la mwezi gani na mahali gani si la pambo.

Natambua jibu litakalotolewa: kalenda tofauti kwa kila ukanda itazaa mianya na rushwa. Huenda ikawa hivyo. Lakini basi na isemwe wazi kwamba tarehe zilichaguliwa kwa urahisi wa ulinzi, na vipimo vya upepo, joto na samaki vya kila kituo viwekwe mahali ambapo diwani, ofisa uvuvi na mwenyekiti wa kikundi cha ufukweni wanaweza kuviona. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi ina kituo Kigoma. Vyombo vya kupima joto la maji si ghali kuliko doria.

Kuna hatari moja ninayoiona mbele yetu. Ziwa hufunguliwa 15 Agosti. Wiki chache baadaye kusi hutulia, bembea huanza, na upande wa kaskazini huingia katika miezi ambayo, kwa tabia ya ziwa lenyewe, chakula cha samaki huongezeka. Vyombo vitakavyotoka Kibirizi na Katonga mwezi Septemba na Oktoba huenda vikarudi na mzigo mzuri. Picha zitapigwa, hotuba zitatolewa, na itatangazwa kwamba ufungaji umefaulu. Huenda kweli umefaulu. Lakini mzigo wa Septemba ukitazamwa peke yake hauwezi kutuambia hivyo, kama vile maji yaliyopita mbele ya Ujiji yakielekea kaskazini mwaka 1869 yalivyoshindwa kumwambia Livingstone mlango uko wapi. Ili tujue, mzigo huo lazima ulinganishwe na Septemba za miaka iliyotangulia 2024, na nguvu ya kusi ya mwaka husika, na kilichopatikana Kirando na Kasanga katika miezi hiyohiyo. Takwimu za mialo zimekuwa zikiandikwa kwa miaka mingi katika madaftari ya maofisa uvuvi wa wilaya. Kwa wanafunzi wangu wanaotafuta mada ya tasnifu: madaftari hayo yapo, na wino hufifia.